Uingereza ilivyokaribia kuondoka Umoja wa Ulaya bila makubaliano, na nini kingetokea mpakani

Swali la msomaji: «Mimi ni wakala wa forodha Mombasa. Mwaka 2019 nilifuatilia Brexit na kuna jambo halikuniingia akilini. Wabunge wengi wa Uingereza walisema hawataki nchi iondoke bila makubaliano. Wabunge hao hao wakayakataa makubaliano mara tatu, na hofu ya kuondoka bila makubaliano ikabaki pale pale. Iliwezekanaje? Na kama ingetokea, kesho yake asubuhi mpakani kungekuwaje? Je, nchi mwanachama ikijitoa kwenye Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, yangekuwa hayo hayo?»

Jibu:

Ndugu yangu, tuanze na sheria, maana fumbo lote limejificha humo. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya ina aya chache tu. Nchi inayotaka kutoka inaandika taarifa. Taarifa ikishapokelewa, miaka miwili inaanza kuhesabiwa, na katika muda huo pande mbili zinajadili masharti ya kuachana. Muda ukiisha, mikataba ya Umoja inakoma kutumika kwa nchi hiyo, wawe wameelewana au hawajaelewana. Hakuna mahali panapotaka mtu apige kura ya kuondoka bila makubaliano. Hilo hutokea lenyewe ikiwa hakuna lingine lililofanyika.

Kulizuia kulikuwa na njia tatu tu. Ya kwanza, kusaini na kuridhia makubaliano. Ya pili, kuomba muda uongezwe, na hapo nchi zote 27 zilizobaki lazima zikubali kwa kauli moja. Ya tatu, kuifuta taarifa yenyewe. Hii ya tatu haikuwa imeandikwa popote. Ilithibitishwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya tarehe 10 Desemba 2018, iliposema kwamba nchi inaweza kuifuta taarifa yake bila kuomba ruhusa ya wenzake.

Waziri Mkuu Theresa May alipeleka taarifa tarehe 29 Machi 2017, baada ya Bunge kumruhusu kwa sheria fupi ambayo kwenye kura yake ya msingi ilipata 498 dhidi ya 114. Kikomo kikawa 29 Machi 2019, saa 5 usiku kwa saa za London. Mwaka 2018 Bunge likaiandika siku hiyo hiyo katika sheria ya nchi. Kwa maoni yangu, mengi yaliyofuata yalizaliwa siku ya kupeleka taarifa. Kura ya maoni ya Juni 2016 iliuliza kubaki au kutoka. Wa kutoka walikuwa asilimia 51.9, na wala hawakuulizwa watoke kwenda wapi. Serikali ikaanzisha hesabu ya siku kabla baraza lake la mawaziri halijaafikiana kama nchi itabaki katika umoja wa forodha (wanachama hawatozani ushuru na wana ushuru mmoja kwa wageni), katika soko la pamoja (wanachama wana kanuni moja za bidhaa), au nje ya vyote viwili. Muda ukawa mali ya upande wa pili. Wiki tatu baadaye May akaitisha uchaguzi, na ulipofanyika Juni akapoteza wingi wake bungeni, na tangu hapo akaitegemea DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini chenye wabunge 10.

Sasa tazama kura za tarehe 13 Machi 2019. Marekebisho yaliyosema Bunge linakataa kuondoka bila makubaliano wakati wowote ule yalipita kwa 312 dhidi ya 308, na hoja nzima ikapita kwa 321 dhidi ya 278. Magazeti yakaandika kwamba hatari imezuiwa, kumbe sheria haikuguswa hata nukta. Hoja ile ilikuwa kauli ya Bunge. Haikumwamuru waziri yeyote, haikubadili tarehe iliyo ndani ya sheria, na haikuifunga Brussels, yaliko makao ya Umoja wa Ulaya, kwa lolote.

Kwa nini basi wasiyapitishe makubaliano yaliyokuwa mezani? Bunge lile lina viti 650. Ukiwaondoa wabunge 7 wa Sinn Féin, ambao hawakalii viti vyao, na Spika pamoja na manaibu wake watatu, ambao hawapigi kura, wanabaki 639. Wa kupitisha jambo ni 320. May alipata 202 tarehe 15 Januari 2019, dhidi ya 432, na 118 kati ya waliomkataa walikuwa wa chama chake mwenyewe. Hakuna serikali ya Uingereza katika zama hizi iliyowahi kushindwa kwa tofauti kubwa hivyo. Tarehe 12 Machi akapata 242 dhidi ya 391. Tarehe 29 Machi, siku ambayo nchi ilipaswa kuwa imeondoka, akapata 286 dhidi ya 344. Katikati ya kura hizo Spika John Bercow alimkumbusha, akitumia desturi ya tangu mwaka 1604, kwamba serikali haiwezi kulirudisha bungeni jambo lile lile bila mabadiliko. Ndiyo sababu kura ya tatu ilihusu mkataba wa kujitoa peke yake, bila tamko la kisiasa, la uhusiano wa baadaye, lililoambatana nao.

Ukihesabu waliokataa, unaona wamejipanga katika kambi ambazo hazikuwa na lengo moja. Kambi ya kwanza ni wahafidhina, yaani wa chama cha May, wa msimamo mkali, walioamini kwamba wakisubiri tu, tarehe itafika na nchi itatoka bila kufungwa na mkataba wowote. Ya pili ni wale waliotaka nchi ibaki. Kwao kuyaangusha makubaliano kulikuwa mlango wa kura ya maoni ya pili. Chama cha Labour, chama kikuu cha upinzani, kiliona serikali ikishindwa uchaguzi utaitishwa, au angalau nchi itabaki katika umoja wa forodha. DUP nao walikuwa na lao, nitalieleza punde. Kila kambi ilipewa tishio lake. Mhafidhina mkali aliambiwa: «Usipouunga mkono mkataba, Brexit itafutwa.» Aliyetaka kubaki akaambiwa: «Usipouunga mkono, tutatoka bila kitu.» Vitisho hivyo viwili haviwezi kuwa kweli kwa pamoja, na wabunge walilijua hilo, kwa hiyo kila mtu alichagua kukiamini kile kilichompendeza.

Tarehe 27 Machi Bunge lilijaribu kutafuta ni kitu gani kingeweza kupata wingi. Wabunge walipewa mapendekezo manane na ruhusa ya kupigia kura yoyote waliyotaka. Yote manane yaliangushwa. Umoja wa forodha ulikosa kwa kura chache tu, na tarehe 1 Aprili ukakosa tena kwa kura tatu tu, 273 dhidi ya 276. Bado naamini ule ndio usiku ambao njia nyingine ilikuwa karibu kabisa kupatikana. Baadhi ya waliotaka kura ya maoni ya pili hawakuunga mkono umoja wa forodha kwa kuogopa kwamba ukipita, kura yao haitakuja tena. Wakakosa vyote viwili.

Sasa Ireland. Mpaka kati ya Ireland ya Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, iliyo mwanachama wa Umoja wa Ulaya, una urefu wa kilomita 500 hivi na njia za kuvukia zaidi ya 200. Wakati wa vurugu za miongo kadhaa za Ireland ya Kaskazini ulikuwa na vizuizi vya jeshi. Makubaliano ya amani ya tarehe 10 Aprili 1998, pamoja na soko la pamoja, yaliviondoa kabisa. Nchi moja ikitoka kwenye umoja wa forodha na nyingine ikibaki, lazima ushuru na ukaguzi vifanyike mahali fulani. Mahali ni patatu tu: penye mpaka wenyewe, baharini kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza Kuu (England, Scotland na Wales), au kati ya Ireland na bara zima la Ulaya. May alijaribu kuviepuka vyote kwa kuikubali dhamana kwamba Uingereza nzima ingekaa katika eneo moja la forodha na Umoja wa Ulaya mpaka ipatikane njia nyingine. Dhamana hiyo haikuwa na mlango wa kutokea upande mmoja. Saa chache kabla ya kura ya pili, Mwanasheria Mkuu wake, Geoffrey Cox, aliandika kwamba hatari ya kisheria ya nchi kunaswa humo haijabadilika, na kura ile ikafa palepale. DUP waliikataa kwa sababu iliwatenga na Uingereza katika baadhi ya kanuni za bidhaa. Wahafidhina wakali waliikataa kwa sababu ingewazuia kupanga ushuru wao wenyewe.

Kuondoka bila makubaliano, kwa hiyo, kulizuiwaje kwa vitendo? Ilibidi Bunge litunge sheria inayomlazimisha Waziri Mkuu aandike barua ya kuomba muda. Kulisema ni rahisi, kulitenda kazi kubwa, kwa sababu kanuni za Bunge lile zinaipa serikali haki ya kupanga shughuli za siku. Wabunge walianza kwa kupitisha hoja ya kuwanyang'anya mawaziri ratiba ya siku moja, kisha siku hiyo hiyo wakapitisha muswada. Mara ya kwanza, tarehe 3 Aprili 2019, ulipita kwa 313 dhidi ya 312. Kura moja! Viongozi wa Ulaya wakakubali tarehe ya mwisho iwe 31 Oktoba.

Mara ya pili ilikuwa na vita zaidi. Boris Johnson, aliyeshika uwaziri mkuu tarehe 24 Julai, alisema nchi itatoka tarehe 31 Oktoba iwe isiwe. Tarehe 28 Agosti ikatangazwa kwamba Bunge litasitishwa kwa wiki tano. Wabunge waliporejea wakaitwaa ratiba tarehe 3 Septemba kwa 328 dhidi ya 301. Wahafidhina 21 waliopiga kura hiyo wakaondolewa kwenye kundi la chama chao bungeni usiku ule ule, wakiwemo waliopata kuwa mawaziri wa fedha, Kenneth Clarke na Philip Hammond. Sheria ikasainiwa tarehe 9 Septemba. Ilisema: ikiwa hadi tarehe 19 Oktoba Bunge halijakubali makubaliano wala halijakubali kuondoka bila makubaliano, Waziri Mkuu atume barua, na maneno ya barua yaliambatishwa kwenye sheria yenyewe ili asipate pa kukwepea. Tarehe 24 Septemba Mahakama ya Juu, majaji wote 11 kwa kauli moja, ikaamua kwamba kusitisha Bunge kulikuwa batili. Tarehe 19 Oktoba barua ikatumwa. Haikuwa na saini, na iliambatana na barua nyingine iliyosema serikali haitaki muda huo. Kisheria ilitosha.

Sasa tuutazame ule usemi kwamba bila tishio la kuondoka mikono mitupu huwezi kupata mkataba mzuri. May aliutangaza Januari 2017 kwa kusema kwamba kukosa mkataba ni afadhali kuliko mkataba mbaya. Tishio hufanya kazi ikiwa upande wa pili unaamini mambo mawili: kwamba utalitekeleza, na kwamba ukilitekeleza wao wataumia kuliko wewe. La pili halikuwepo. Karibu asilimia 45 ya mauzo ya nje ya Uingereza yalikwenda Umoja wa Ulaya, ilhali kwa nchi nyingi kati ya zile 27 soko la Uingereza lilikuwa sehemu ndogo tu ya biashara yao. Ireland ndiyo iliyokuwa na la kupoteza sana, na wenzake walikataa kuitosa, kwa sababu kumtosa mwanachama kwa ajili ya anayetoka kungewaonyesha wanachama wote wadogo thamani yao. La kwanza nalo lilipungua kila Bunge lilipotunga sheria ya kulizuia.

Watetezi wa Johnson husema tishio lilifanya kazi, maana Brussels ilikuwa imesema mkataba haufunguliwi tena, na tarehe 17 Oktoba ukafunguliwa. Ni kweli ulifunguliwa. Lakini tazama nani alisogea zaidi. Baada ya mazungumzo yake na Leo Varadkar, Waziri Mkuu wa Ireland wakati huo, tarehe 10 Oktoba, Johnson alikubali ukaguzi ufanyike baharini, kati ya Uingereza Kuu na Ireland ya Kaskazini, jambo ambalo May alikuwa amesema hakuna waziri mkuu wa Uingereza anayeweza kulikubali. DUP, waliodhani msimamo mkali utawalinda, ndio walioachwa nje.

Kwa tathmini yangu, wasikilizaji wakuu wa tishio lile walikuwa wapiga kura wa nyumbani. Katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Mei 2019 chama kipya cha Nigel Farage, mtetezi mkubwa wa kutoka, kilipata viti 29, na Wahafidhina wakapata 4. Chama kilichotawala kiliona kifo chake. Kuahidi kutoka iwe isiwe kuliwarudisha wapiga kura hao, na tarehe 12 Desemba Johnson akapata viti 365 na wingi wa 80. Nchi ikaondoka tarehe 31 Januari 2020 kwa makubaliano, na kipindi cha mpito kikaenda hadi mwisho wa mwaka. Hata hapo mchezo ulirudiwa: mkataba wa biashara ulipatikana tarehe 24 Desemba 2020, siku saba kabla ya mpito kwisha.

Nije kwenye kazi yako sasa. Tuseme hakuna mkataba na asubuhi imefika.

La kwanza ni ushuru. Wengi walisema «tutafanya biashara kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani», kana kwamba huo ni mkataba. Kanuni ya kwanza ya shirika hilo inataka unayomfanyia mmoja uwafanyie wote. Umoja wa Ulaya, kwa hiyo, haungeweza kuisamehe Uingereza ushuru kwa hisani. Bila mkataba, ingelipa kile wanacholipa wageni wote: magari asilimia 10, na nyama na maziwa viwango vya juu zaidi. Kulikuwa na wanasiasa waliodai kwamba Ibara ya 24 ya GATT, mkataba wa dunia wa ushuru na biashara, inaruhusu miaka kumi ya kuendelea bila ushuru. Ibara hiyo inaruhusu hivyo kwa nchi ambazo tayari zimekubaliana kuanzisha eneo huru la biashara. Bila sahihi ya upande wa pili haifanyi kazi. Uingereza yenyewe ilitangaza tarehe 13 Machi 2019 kwamba asilimia 87 ya bidhaa zitakazoingia, kwa thamani, hazitatozwa ushuru. Ililenga kuwapunguzia watu makali ya bei. Kwa kufanya hivyo ilitoa bure kile ambacho ingeweza kukiuza katika mazungumzo na nchi nyingine.

Ushuru, hata hivyo, si ndio ungefunga barabara. Karatasi ndizo. Njia ya Dover na ile ya chini ya bahari kwenda Calais zilipitisha malori zaidi ya 10,000 kwa siku, na lori la Ulaya halikusimama kwa forodha hata kidogo. Bandari ya Dover ilionya kwamba dakika mbili tu za ziada kwa kila lori zingezaa foleni ya kilomita 27. Kuanzia asubuhi hiyo kila shehena ya kwenda Ufaransa ingehitaji namba ya utambulisho wa forodha ya msafirishaji, tamko la kutoa mzigo Uingereza, tamko la usalama, na tamko la kuingiza au hati ya mzigo unaopita yenye dhamana. Bidhaa za mifugo zingehitaji cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo anayetambulika, na zipite tu kwenye kituo chenye ukaguzi wa mifugo. Kabla ya hapo, Umoja wa Ulaya ulipaswa kuiorodhesha Uingereza kama nchi inayoruhusiwa kuuza bidhaa hizo. Bila kuorodheshwa, hata cheti kisingesaidia. Na kuna kitu kidogo kilichosahauliwa na wengi: pale za mbao, yaani majukwaa ambayo mzigo hupangwa juu yake. Zikitoka nje ya Umoja lazima ziwe zimepashwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini cha mbao kwa dakika 30 mfululizo, na zigongwe muhuri. Mzigo wenye karatasi zote unaweza kurudishwa kwa sababu ya pale iliyo chini yake.

Waraka wa serikali uliopewa jina la Yellowhammer, wa Agosti 2019, ulikadiria kwamba siku ya kwanza kati ya asilimia 50 na 85 ya malori yasingekuwa tayari kwa forodha ya Ufaransa, kwamba malori yanayopita yangeshuka hadi asilimia 40 hadi 60 ya kawaida, na kwamba hali hiyo ingeweza kudumu hadi miezi mitatu. Wabunge ndio walioilazimisha serikali kuuchapisha. Ndani yake mlikuwa na dawa pia: takriban robo tatu ya dawa zilizotoka Umoja wa Ulaya zilipita kwenye mlangobahari ule mwembamba.

Serikali ilijibu kwamba mizigo inayoingia ingepitishwa bila kusimamishwa. Hapa ndipo hesabu ilipokosewa na waliokuwa mbali na kazi hii. Lori linaloleta mboga ndilo linalorudi na mzigo mwingine, au linarudi tupu kuchukua mboga nyingine. Likikwama Kent, jimbo iliko Dover, likirudi, kesho halipo Uhispania kupakia. Mwenye lori akisikia kuna foleni ya siku mbili ya kutokea, hakubali safari ya kuingia. Milango ya kuingilia ikiwa wazi na ya kutokea imeziba, zote mbili zimeziba. Desemba 2020, Ufaransa ilipoufunga mpaka kwa siku mbili kwa sababu ya aina mpya ya kirusi cha korona, maelfu ya malori yalijaa barabara ya M20 na uwanja wa zamani wa ndege wa Manston. Hapo palikuwa na sababu moja tu, na ya muda mfupi.

Msimu nao ulikuwa na uzito kuliko wanasiasa walivyoonyesha. Mwishoni mwa Oktoba kulikuwa kubaya kuliko mwishoni mwa Machi: maghala ya baridi huwa yamejaa bidhaa za Krismasi, na hapo ndipo nchi inapoanza kutegemea matunda na mboga kutoka nje. Maandalizi yenyewe yalikula pesa. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu ya Uingereza ilihesabu angalau pauni bilioni 4.4 zilizotumika katika matayarisho ya Brexit hadi Januari 2020. Pauni milioni 33 zililipwa kumaliza kesi ya mwendeshaji wa njia ya chini ya bahari, aliyelalamikia jinsi kandarasi za feri za dharura zilivyotolewa. Mojawapo ilikuwa imekwenda kwa kampuni isiyo na meli hata moja.

Umoja wa Ulaya ulikuwa na hatua zake za dharura. Ndege za Uingereza zingeruhusiwa kuruka kati ya pande mbili, na malori kuingia, kwa muda mfupi na kwa sharti kwamba Uingereza ifanye hivyo hivyo. Hatua hizo alizipanga aliyebaki, akazikata pale zinapomfaa yeye. Ukisikia mwanasiasa akizungumzia «kuondoka bila makubaliano kwa utaratibu», uliza utaratibu huo ameuandika nani.

Moshi wa jambo hili ulifika hadi kwetu. Mpito ulipokuwa unaisha mwaka 2020, maua ya Kenya yalikuwa yanaingia Uingereza bila ushuru kwa mgongo wa mpango wa Umoja wa Ulaya. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo madogo, ambazo Uingereza iliendelea kuzisamehe ushuru, kwa hiyo hazikuwa na haraka. Kenya haimo kundini, na bila mkataba mawaridi yake yangetozwa asilimia 8. Nairobi ikasaini peke yake tarehe 8 Desemba 2020, wiki tatu kabla ya kikomo, na hilo likaacha mkwaruzo ndani ya Jumuiya, ambayo kwa kawaida hujadiliana na nchi za nje kama kundi moja.

Na Jumuiya yetu? Ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tofauti na ile ya Ulaya katika mambo mazito. Bunge la nchi lazima liazimie kwa angalau theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Nchi inampa Katibu Mkuu taarifa ya maandishi ya miezi 12, na ndani ya miezi hiyo inaweza kuifuta yenyewe. Kizingiti cha theluthi mbili kinafaa sana, kwa sababu kinailazimisha nchi ijenge wingi mkubwa kabla siku hazijaanza kuhesabiwa. Lakini ibara hiyo haisemi kwamba lazima kuwe na mkataba wa kuachana, wala haina utaratibu wa kuongeza muda kama ule wa Ibara ya 50. Inasema tu kwamba anayetoka anaendelea kuwajibika kwa majukumu aliyokwisha kuyabeba.

Kuvunjika bila makubaliano tunakujua. Jumuiya ya kwanza ilipokufa mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mgawanyo wa mali na madeni ulisainiwa Arusha tarehe 14 Mei 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Reli, ndege na bandari hazikungojea wanasheria. Kila nchi ilishika kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Waliosubiri ni watumishi wa Jumuiya. Wazee wa Tanzania walidai mafao yao kwa miongo kadhaa, mahakamani na barabarani Dar es Salaam.

Leo, nchi ikitoka, usidhani itaangukia moja kwa moja kwenye viwango vya Shirika la Biashara Duniani. Inategemea nani na nani. Kenya na Rwanda, kwa mfano, zote zimo katika eneo huru la biashara la COMESA, soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, kwa hiyo bidhaa yenye cheti cha uasili cha COMESA ingeendelea kupita bila ushuru. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na iko SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambako Kenya haimo. Kati ya hizi mbili pangebaki soko huru la Afrika, AfCFTA, ambalo zote zimeliridhia lakini ushuru wake unapunguzwa kwa awamu. Namanga na Holili vingekuwa na kazi nyingine kabisa kuanzia asubuhi hiyo, maana vituo vya pamoja vya mpakani vinasimama juu ya sheria ya Jumuiya.

Kwako wewe wa Mombasa, cha kukitazama mapema zaidi ni mzigo ulio njiani. Chini ya himaya moja ya forodha, kodi ya mzigo wa Kampala hulipwa Uganda kabla kontena halijatoka bandarini. Uganda ikiwa nje, kontena hilo hilo linageuka mzigo wa nchi ya tatu unaopita, wenye dhamana ya forodha kwa thamani yote ya ushuru hadi lithibitishwe kutoka Malaba, mpakani na Uganda. Mkataba wa kujitoa wa Uingereza ulikuwa na vifungu vya bidhaa ambazo safari yake ilianza kabla ya tarehe na kwisha baada yake. Bila mkataba vifungu hivyo havipo. Mwanzoni mwa Februari 2019 wauzaji wa Uingereza walipakia meli za kwenda Japani, safari ya wiki sita hivi, bila kujua meli ikifika mteja atatozwa ushuru gani. Kwa hiyo siku taarifa ya kujitoa ikitolewa popote katika Jumuiya, hesabu nyuma kutoka tarehe ya mwisho: siku za meli kutoka Mumbai au Shanghai, siku za kukaa bandarini, siku za barabara. Mzigo wowote ambao hesabu hiyo inauvusha tarehe, mwambie mteja wako aandike katika mkataba wa mauzo ni nani atakayelipa ushuru ukibadilika, na uongeze dhamana yako kabla mawakala wengine wote hawajapanga foleni kwenye kampuni za bima kuomba hiyo hiyo.